Ua la Usambara Linataka Kivuli

Leo tutasoma habari za maua. Huenda utasema, "Maua hayaliwi. Kwa nini kupoteza karatasi ya gazeti?" Swali hilo ni zuri. Lakini ua tutakalolisoma leo lilitoka katika milima yetu ya Usambara, nalo limesafiri mbali kuliko wengi wetu. Liko madirishani Ulaya na Marekani. Linauzwa madukani katika vyungu vidogo. Huku kwetu watu wengi wanalipita bila kulijua. Wahenga walisema: penye miti hapana wajenzi.

Katika somo hili tutajifunza mambo manne:

1. Ua hili ni lipi, na lilisafirije.
2. Jinsi ya kupanda maua mahali penye joto.
3. Jinsi ya kupiga picha nzuri ya ua kwa simu.
4. Kwa nini tupige picha, tusing'oe.

Soma polepole. Ukiwa na mwenzako, msomeane kwa zamu.

UA LENYEWE

Ua la Usambara ni mmea mfupi. Hauna shina refu. Majani yake yametandaza duara karibu na ardhi, kama sahani. Ni manene, na ukiyapapasa yana manyoya laini. Maua yake yana rangi ya urujuani, yaani bluu iliyoingia zambarau. Kila ua lina sehemu tano: mbili ndogo juu na tatu kubwa chini. Katikati kuna vifuko viwili vya njano. Humo ndimo unamokaa ule unga unaotungisha mbegu.

Porini mmea huu haukai shambani wala uwanjani. Hukaa katika nyufa za miamba, chini ya miti, mara nyingi karibu na kijito. Udongo wake ni majani yaliyooza yaliyojikusanya ndani ya ufa. Unaweza kuwa kiganja kimoja tu. Kwake kinatosha.

Milima ya Usambara ina sehemu mbili. Kuna Usambara Magharibi, ambako ndiko Lushoto. Kuna Usambara Mashariki, ambako ndiko Amani. Katikati kuna bonde la mto Lwengera. Mmea huu uko pande zote mbili. Ndugu zake wako pia katika milima ya Uluguru na Nguru, na huko Kenya katika milima ya Taita na sehemu za Kilifi. Wataalamu waliziita baadhi ya aina zake kwa majina ya mahali petu: Shume, Magunga, Tongwe na Amani. Kwa hiyo ukisoma kitabu cha maua kilichoandikwa mbali, unaweza kukuta jina la kijiji unachokijua.

JINSI LILIVYOSAFIRI

Mwaka 1892 nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Ofisa mmoja wa serikali yao, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hili. Alieleza kwamba aliliona mahali pa aina mbili: katika miamba ya chokaa yenye miti karibu na Tanga, na katika msitu wa Usambara. Akampelekea baba yake mbegu huko Ujerumani. Baba yake akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen katika mji wa Hannover. Wendland akazipanda, zikaota. Mwaka 1893 akaupa mmea jina la kitaalamu: Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni jina la ukoo wa yule ofisa na baba yake. Mwaka 2015 wataalamu waliuhamishia katika kundi kubwa zaidi liitwalo Streptocarpus, lakini watu wengi bado wanalitumia lile jina la zamani.

Wajerumani wa kawaida wanaliita Usambaraveilchen, maana yake urujuani wa Usambara. Hao angalau wametaja kwao. Waingereza na Wamarekani wanaliita urujuani wa Afrika. Afrika ni kubwa!

Mwaka 1927 kampuni ya Armacost and Royston ya Los Angeles, Marekani, ilianza kuuza aina 10 ilizozichagua. Mwaka 1946 Wamarekani wapenda ua hili waliunda chama chao. Siku hizi kuna maelfu ya aina: nyeupe, waridi, za rangi mbili, na zenye maua yaliyojikunja kama ukosi wa gauni. Zote hizo asili yake ni mimea ya porini ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1892 hapakuwa na mapatano ya mataifa juu ya jambo hili. Mtu aliona, akachukua. Mwaka 1992, miaka 100 baadaye, mataifa yalikutana Rio de Janeiro, Brazili. Yalikubaliana kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na wanyama wake. Basi sasa mamlaka ni yetu. Je, sisi tunalitunza?

KOSA LANGU

Mimi mwenyewe nilijifunza somo hili kwa kosa. Chuoni nilisomea ualimu, sikusomea maua.

Darasa letu moja la watu wazima liko katika kata ya tambarare, upande wa Umba. Huko ni joto kali. Darasa lilipopata baraza jipya, akina mama wakataka maua mbele yake. Nilikuwa na rafiki Lushoto mjini aliyeotesha ua la Usambara katika makopo barazani kwake. Akanipa makopo sita. Nikayapakia katika basi kwa furaha.

Nilipofika nilichimba mstari ulionyooka mbele ya darasa, pale jua linapopiga vizuri. Nikapanda mimea yote sita. Saa 7 mchana nikaimwagilia maji mengi, juu ya majani. Nikaona nimefanya kazi ya mfano.

Siku ya pili majani yalilala. Siku ya tatu yalikuwa na madoa ya kahawia. Siku ya tano hapakuwa na mmea.

Mama mmoja wa darasa akaniambia, "Mwalimu, usione vibaya. Wewe mwenyewe ukija huku mchana unatafuta mwembe kwanza ndipo ufundishe. Mgeni wako umemweka juani, halafu umemmwagia maji kichwani. Angeponaje?"

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka. Lakini nilirudi nyumbani nikifikiri. Nikajisemea, "Basi, ua la milimani haliwezi joto la tambarare." Kumbe hilo nalo lilikuwa kosa la pili.

HESABU NDOGO YA JOTO

Tufanye hesabu. Ukipanda mlima mita 1,000, joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 za sentigredi. Mji wa Lushoto uko juu ya bahari kiasi cha mita 1,400. Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoanza kupanda, ni kiasi cha mita 400.

1,400 - 400 = 1,000

Kwa hiyo, kwa safari ya kilometa 33 tu, joto linabadilika kwa nyuzi 6 hivi. Kama Lushoto ni nyuzi 22, Mombo itakuwa karibu nyuzi 28. Ndiyo maana ukishuka unavua koti ukifika Soni.

Sasa kumbuka tulichosoma. Yule ofisa aliliona ua hili pia karibu na Tanga. Tanga iko pwani kabisa, na joto lake tunalijua. Aina za porini ziko hata leo katika miamba ya chokaa ya upande ule. Zinaishije? Zinaishi kwa sababu zina kivuli cha miti juu, na mwamba wenye unyevu chini. Penye kivuli na unyevu hewa hupoa. Hebu ingia msituni saa 7 mchana, kisha utoke kiwanjani. Mwili wako utakwambia.

Basi adui wa ua hili si joto peke yake. Adui zake wakubwa ni jua kali na ukavu. Kivuli ndicho shamba lake.

JINSI YA KULIPANDA PENYE JOTO

Kwanza, usichukue mmea porini. Omba jani moja kwa mtu aliyelipanda nyumbani, au nunua kwenye kitalu cha maua. Jani moja linatosha kuanzia. Fuata hatua hizi:

1. Chagua jani zima, si changa sana wala si kuukuu. Likate pamoja na kikonyo chake, urefu wa sentimeta 3 au 4. Tumia wembe safi.

2. Tayarisha udongo mwepesi. Changanya makopo 2 ya mboji ya majani, kopo 1 la mchanga wa mto na kopo 1 la mkaa uliopondwa. Pwani unaweza kutumia makumbi ya nazi yaliyosagika badala ya mkaa, lakini yaoshe kwanza kutoa chumvi. Udongo wa mfinyanzi haufai. Unashika maji, na mizizi huoza.

3. Toboa kopo au chungu matundu chini. Tia udongo, kisha chomeka kikonyo kwa mshazari. Lowesha udongo kidogo.

4. Kata chupa ya maji ya plastiki, ufunike kopo ili kushika unyevu. Weka kivulini penye mwanga. Kila siku mbili funua upitishe hewa.

5. Baada ya wiki 3 au 4 mizizi itaota. Baada ya miezi 2 hivi utaona vijani vidogo vikitokea shinani. Vikiwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, vitenganishe. Kila kimoja kipe kopo lake. Subiri miezi mingine kadhaa, maua yatakuja. Mwenye haraka apande mchicha.

Mmea ukishakua, shika mambo haya manne:

Mwanga. Weka barazani au karibu na dirisha. Jua la asubuhi la saa 1 hadi saa 2 halina neno. Jua la mchana likiufikia, majani yataungua. Gizani mmea utaishi, lakini hautatoa maua.

Maji. Mwagilia udongo, usimwagilie majani. Yale manyoya hushika maji, na jani hupata madoa au kuvu. Njia nzuri ni kuweka kopo ndani ya sahani yenye maji kwa nusu saa, kisha kulitoa. Udongo ukiwa bado na unyevu juu, subiri.

Ubaridi. Tumia chungu cha udongo kama unacho. Unajua maji ya mtungi ni baridi kwa sababu gani? Mtungi hutoa jasho. Maji yanapenya, yanakauka nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Chungu cha ua hufanya vilevile. Tena unaweza kuweka chungu juu ya kokoto ndani ya sahani yenye maji. Maji yasiguse chungu. Mvuke utapoza hewa inayouzunguka mmea.

Chakula. Mboji kidogo kila baada ya miezi 3 inatosha. Usitie samadi mbichi.

SI KILA UA LINATAKA KIVULI

Msomaji asinielewe vibaya. Kuna maua yanayopenda jua. Kanuni ni moja: kabla ya kupanda, uliza ua hilo kwao ni wapi.

Bogenvilia kwao ni Amerika ya Kusini. Linapenda jua na linavumilia ukavu. Ukilipa maji mengi hutoa majani tu. Zinia kwao ni Meksiko, nalo hupenda jua. Vinka, lile ua dogo la waridi au jeupe linaloota hata penye mchanga, kwao ni Madagaska. Asumini na mlangilangi tunaviona vinavyostawi katika joto la Tanga na Unguja. Hivi ndivyo vya kupanda mbele ya nyumba ya tambarare, penye jua.

Haidrenjia, lile lenye vichwa vikubwa vya bluu linalostawi Lushoto, asili yake ni Japani. Linataka hewa ya baridi na maji. Ukilishusha tambarare ukaliweka juani, litakuaibisha kama nilivyoaibika mimi.

Kwa maua yote ya penye joto, mwagilia alfajiri au jioni. Tandaza majani makavu juu ya udongo kuzunguka shina. Matandazo haya ni kivuli cha mizizi.

JINSI YA KUPIGA PICHA YA UA

Zamani kamera ilitumia filamu, na filamu ndefu ilitoa picha 36 tu. Kila picha ilikuwa pesa. Siku hizi simu nyingi zina kamera. Katika darasa letu la wanafunzi 20, watatu wana simu za namna hiyo. Zinatosha kwa kikundi.

Picha ya ua ina kazi. Inasaidia kukumbuka. Inamwonyesha mteja miche uliyonayo. Mmea ukiugua, unaweza kumpelekea bwana shamba au bibi shamba picha, akakushauri kabla hajafika. Lakini picha mbaya haimsaidii. Basi fanya hivi:

1. Chagua saa. Piga saa 1 hadi saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Siku ya mawingu ni nzuri kutwa. Saa 6 mchana jua hutia weusi chini ya kila jani, na ua la rangi ya urujuani hupauka.

2. Kama ni lazima upige mchana, mwambie mwenzako ashike khanga juu ya ua. Umeona? Hata picha ya ua inataka kivuli.

3. Chini ya miti picha huweza kuwa na giza. Weka karatasi nyeupe au kitambaa cheupe pembeni ya ua. Weupe utarudisha mwanga upande wenye giza.

4. Futa kioo kidogo cha kamera kwa kitambaa safi. Simu ya mfukoni hushika jasho na vumbi, na picha huwa na ukungu.

5. Piga magoti. Picha ipigwe ukiwa usawa wa ua, si kutoka juu umesimama. Sogea karibu mwenyewe, usivute picha kwa vidole, maana hupoteza ukali. Lakini usigande mno. Ukiona ua limefifia kiooni, rudi nyuma kiasi cha kiganja.

6. Gusa ua juu ya kioo cha simu ili kamera ijue utazame nini. Bana viwiko mbavuni. Zuia pumzi. Upepo ukitulia, piga.

7. Zima taa ya simu. Hung'arisha jani na kuharibu rangi.

8. Usinyunyizie maji ili ua lipendeze. Tumeshasoma madhara yake.

Piga picha nne za kila mmea: mmea mzima, ua kwa mbele, jani kwa karibu, na mahali unapoota. Jani ni muhimu, kwa sababu aina nyingi za porini hutambulikana kwa majani na manyoya yake. Weka sarafu ya shilingi 200 kando ili anayeona picha ajue ukubwa. Kisha andika katika daftari: tarehe, saa, aliyepiga, na ulichoona. Hapo ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Picha bila maandishi husahaulika.

Jambo moja la tahadhari. Simu nyingi huweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Kwa mimea ya porini, zima kitu hicho. Wako watu wanaotafuta mimea ya nadra ili waiuze.

MWAMBA WENYE SURA MBILI

Sasa nitaeleza kwa nini tupige picha, tusing'oe.

Darasa letu la tambarare lilipanda mlimani kulitembelea darasa la kijiji kimoja cha juu. Sitakitaja, na sababu umekwisha kuisoma. Mzee mmoja wa darasa lile alituahidi kutuonyesha mwamba wenye ua la Usambara. Aliujua tangu utoto wake alipochunga mbuzi. Tulimwamkia shikamoo, akatangulia, nasi nyuma yake na simu zetu tatu.

Tulipofika, mzee akanyamaza. Nusu ya mwamba ilikuwa nyeupe na kavu. Katika nyufa zake mlikuwa na majani makavu, ukiyagusa yanavunjika. Nusu ya pili ilikuwa chini ya mti mkubwa. Hiyo ilikuwa na ubichi, na tulihesabu mashina 17, mengine yamechanua.

Pembeni ya ile nusu kavu kulikuwa na kisiki.

Mzee akakitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, mti huu niliukata mimi, mwaka juzi. Mjukuu wangu alichaguliwa sekondari. Yalitakiwa sare, godoro na madaftari. Nilijua nakata mti mmoja. Sikujua nakata na haya."

Sikuwa na la kusema. Chuoni hatukufundishwa jibu la namna hiyo. Yule mama wa tambarare, aliyenicheka siku ile, ndiye aliyejibu. Alisema, "Baba, sisi kule chini tulikata yote. Ndiyo maana tumekuja kwako kutazama."

Tukapiga picha mbili tukiwa tumesimama mahali pamoja: moja ya upande mkavu, moja ya upande mbichi. Hakuna aliyeng'oa hata jani. Picha zilichapishwa mjini, zikabandikwa ukutani katika madarasa yote mawili. Chini yake wanafunzi waliandika wenyewe: PENYE MTI na PASIPO MTI. Katika mkutano wa kijiji mzee alisimama akazieleza yeye mwenyewe. Alisema mti uliobaki hautakatwa wakati wa uhai wake. Alipanda migomba karibu na kisiki ili ipatikane nafuu upesi, na miche miwili ya mkuyu kwa ajili ya baadaye.

Mwaka uliofuata tulirudi. Migomba ilikuwa imefika mabegani, na kivuli chake kiligusa ukingo wa mwamba. Lakini katika ile nusu kavu hakuna mmea uliorudi. Mti huanguka siku moja. Kivuli chake hurudi kwa miaka.

Nimeeleza habari hii kwa ruhusa ya mzee. Hakutaka jina lake wala la kijiji liandikwe. Alisema, "Andika kosa, watu wajifunze."

YA KUSHIKA

Ndugu msomaji, katika misitu iliyohifadhiwa, kama Hifadhi ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997, kuchukua mimea bila kibali ni kosa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza. Lakini miamba mingine iko kando ya mashamba yetu, mahali ambapo mlinzi ni sisi wenyewe. Anayeng'oa mmea huondoka na mmea mmoja, na mara nyingi humfia njiani. Anayekata mti wa juu huondoa mimea yote ya mwamba mzima. Anayepiga picha haondoi kitu. Na anayeomba jani moja kwa jirani hupata ua, na jirani bado analo.

Lile baraza letu la tambarare sasa lina vyungu tisa vya ua la Usambara. Viko ndani ya baraza, upande wa asubuhi, juu ya kokoto. Mbele, juani, kuna bogenvilia na zinia. Akina mama ndio waliopanga. Mimi niliambiwa nibebe maji tu.

MASWALI

1. Ua la Usambara lilipelekwa Ujerumani mwaka gani? Ni miaka mingapi tangu wakati huo hadi leo?
2. Kwa nini ua hili linaweza kuishi porini karibu na Tanga, ingawa Tanga ni joto?
3. Taja makosa mawili au zaidi aliyoyafanya mwandishi alipopanda makopo sita.
4. Kijiji kimoja kiko mita 1,900 juu ya bahari. Kingine kiko mita 400. Tofauti ya joto lao ni kiasi cha nyuzi ngapi?
5. Kwa nini tusipige picha ya ua saa 6 mchana juani?

KAZI YA KIKUNDI

Tafuteni mti mmoja wenye kivuli kizuri kijijini kwenu. Tazameni mimea inayoota chini yake na ile inayoota juani karibu yake. Pigeni picha pande zote mbili, au chora kama hamna simu. Andikeni sentensi tano. Kisha jadilini: mti huu ni wa nani, na ni shida gani inayoweza kumfanya aukate? Kikundi kinaweza kumsaidiaje ili asiukate?

MANENO MAPYA

Kikonyo: kijiti kinachoshika jani au ua.
Matandazo: majani au nyasi kavu zinazotandazwa juu ya udongo kuzuia ukavu.
Mboji: majani na takataka za shamba zilizooza.
Mshazari: kuegemea upande, si wima wala si kulala.
Nadra: kitu kinachopatikana kwa shida.
Urujuani: rangi iliyo kati ya bluu na zambarau.